Habari za Makanisa ya Kathiani na Utumishi Wao kwa Jirani

Katika kurasa zilizotangulia wanachama wamekwisha kuona hesabu za mwaka, michango iliyoingia na misiba iliyotufika. Sasa Kamati imeniomba, mimi niliye karani wa chama hiki, niandike kwa kadiri niwezavyo habari za makanisa ya nyumbani kwetu Kathiani, na jinsi yalivyowatumikia watu, walio wao na wasio wao. Sababu ya ombi hili si siri. Katika mkutano mkuu uliopita palitolewa hoja kwamba kila mwanachama asaidiwe kwanza na kanisa lake, na kwamba mfuko wetu ufunguliwe tu kwa wale ambao makanisa yao yameleta mchango wa pamoja. Hoja hiyo ilizungumzwa kwa muda wa saa mbili, maneno mengine yakawa makali, nayo ikaahirishwa hata mkutano ujao. Mzee mmoja aliyeketi kimya muda huo wote alisimama mwishoni akauliza kama yupo kijana ajuaye kanisa lilifikaje kwetu. Hakujibiwa. Ndipo kalamu ikatiwa mkononi mwangu.

Kathiani iko kaskazini ya mji wa Machakos, katika nchi ya miinuko iliyopakana na vilima vya Iveti, na ukiendelea kaskazini wafika Kangundo. Mitaboni imo humo humo. Mgeni aliyezoea kusikia kwamba Ukambani ni nchi kavu hushangaa akiona migomba na kahawa, na mashamba yaliyopangwa kwa matuta mfano wa ngazi kutoka mtoni hata juu ya kilima. Lakini mvua yetu ni ya kubahatisha. Hunyesha misimu miwili, na mara nyingi ile ya kuanzia Machi huwadanganya watu, wakapanda wasivune. Kwa hiyo wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, bali kwa majina ya njaa. Mtu atakaye kuyafahamu makanisa yetu yampasa kuanza na njaa, kwa kuwa mahubiri na chakula vilifika kwetu kwa njia moja.

Mmisionari wa kwanza kuingia Ukambani alikuwa Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na Church Missionary Society na kukaa Rabai karibu na Mombasa. Mwaka 1849 alifika Kitui, akapokelewa na Kivoi, mkubwa wa biashara ya pembe, na huko huko tarehe 3 Desemba akauona mlima Kenya. Mwaka uliofuata Injili ya Marko aliyoifasiri kwa Kikamba ilipigwa chapa huko Tübingen, Ujerumani. Alirudi tena mwaka 1851. Safari hiyo Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, naye Krapf akakimbia peke yake, akatembea usiku, akitia maji katika mtutu wa bunduki ili asife kwa kiu. Mara nyingi twasimuliwa habari za wamisionari kana kwamba wao ndio waliokuja kutuhudumia, nasi tukanyosha mikono kupokea. Walakini huyu wa kwanza alilishwa na Wakamba, akaongozwa na Wakamba, na mwenyeji wake akafa katika safari ambayo mgeni alikuwa ndani yake. Wazee wa pwani husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa Kivoi haikuwa hivyo.

Kazi ya kudumu katika sehemu zetu ilianzishwa na Africa Inland Mission. Mwanzilishi wake, Peter Cameron Scott, alizaliwa Glasgow, akakulia Philadelphia huko Marekani, akatumika kwanza Kongo, ambako alimzika nduguye wa kuzaliwa naye. Alifika Mombasa Oktoba 1895 pamoja na wenzake, wakapanda bara kwa miguu, wakajenga kituo chao cha kwanza Nzaui, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa na vituo vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu, na Kangundo, jirani yetu. Tarehe 4 Desemba 1896 Scott alifariki kwa homa, umri wake miaka 29. Wengine nao walikufa, wengine wakaugua wakarudi kwao, wengine wakaondoka kwa sababu nyingine, hata mwaka 1899 kati ya wale wote akabaki mtu mmoja tu kazini. Karani mwenye akili timamu angeandika katika kitabu chake kwamba shughuli hii imekwisha, akaifunga hesabu.

Miaka hiyo hiyo ndipo ilipokuja njaa ambayo kwa Kikamba iliitwa Ngomanisye. Iliingia mwaka 1898 ikaendelea hata mwisho wa karne, nayo haikuja peke yake. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupukutika kwa sotoka, na ndui ikafuata nyuma ya njaa. Reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, ikiwa imeupita mji wa Machakos kwa mbali, na pamoja nayo makao ya serikali yakahamia huko. Watu wetu walitawanyika. Wako waliokwenda Ukikuyu kutafuta chakula, na wako walioacha watoto wao katika nyumba za wageni kama rehani, wakitumaini kuwakomboa siku ya mavuno. Wengine hawakurudi. Mpaka leo ziko jamaa katika Ukikuyu zijuazo kwamba bibi yao alikuwa Mkamba wa Ngomanisye.

Wachache wa misheni waliokuwapo wakati huo waligawa chakula walichoweza kukipata. Mmoja wao alikuwa Willis Hotchkiss, ambaye baadaye alikwenda kuanzisha misheni ya Marafiki huko Kaimosi mwaka 1902. Huyu alisumbuka zaidi ya miaka miwili akitafuta katika Kikamba neno litakalomfaa kusema Mwokozi, asilipate kwa kuuliza. Akalipata jioni moja kwa motoni, wasimulizi wakieleza jinsi mtu alivyookolewa katika makucha ya simba. Hadithi hiyo yapendwa na wahubiri, nami nimeisikia zaidi ya mara kumi. Nadhani wahubiri huipita upesi sehemu iliyo bora, yaani kwamba neno hilo lilikuwapo tangu zamani katika vinywa vya watu ambao hawakupata kubatizwa. Kuokoana kulikuwa desturi yao.

Mwanzoni mwa karne ya 20 misheni ilipata nguvu mpya. Makao yake makuu yakawekwa Kijabe mwaka 1903, na katika Ukambani vikajengwa vituo Machakos, Mbooni na kwingineko. Kutoka vituoni walitoka wasomaji, yaani vijana waliojua kusoma kidogo na kuandika kidogo, wakasambaa mitaani. Hao ndio waliolileta kanisa katika mashamba yetu, wala si Wazungu. Kijana mmoja, kitabu kimoja, kibanda cha nyasi chenye magogo ya kukalia: asubuhi kilikuwa shule, Jumapili kanisa, na siku nyingine palifungwa vidonda pale pale. Agano Jipya kwa Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956. Mtu ambaye hakupata kuishi na lugha isiyo na kitabu hawezi kujua maana ya jambo hilo. Bibi yangu, ambaye hakwenda shule hata siku moja, alijifunza kusoma kwa kitabu hicho akiwa mama wa watoto watano, na barua za kutoka Nairobi zikaacha kupelekwa kwa jirani kusomwa.

Si haki niandike wema peke yake. Africa Inland Mission ilitanguliza mahubiri, na wengi wa wakubwa wake waliogopa kwamba shule kubwa na fedha za serikali zingeipotosha kazi. Wazazi wetu walitaka shule. Walitaka watoto wao wafike mbali kuliko kusoma Maandiko na kuandika jina, nao waliona jinsi watoto wa mahali pengine walivyowatangulia. Tena palikuwa na amri nyingi: ngoma, pombe, ndoa ya wake wengi, kila kitu kilitengwa kwa mstari, na aliyeushika huo mstari alikuwa mgeni daima. Mwafrika angeweza kuwa mwinjilisti miaka 20 asiulizwe neno katika baraza la wakubwa. Ndipo mwaka 1938 ikaja shida ya kupunguzwa kwa ng'ombe, serikali ilipotaka kuwauza kwa nguvu kwa sababu ya mmomonyoko wa udongo. Muindi Mbingu wa Iveti aliongoza maelfu ya watu kwa miguu mpaka Nairobi, wakakaa huko majuma kadhaa wakingoja kumwona Gavana. Muindi alihamishwa akapelekwa Lamu, lakini amri ya kuuza ng'ombe kwa nguvu ikaondolewa mwaka ule ule. Katika safari ile Mkristo na asiye Mkristo walilala chini pamoja. Watu walijifunza kwamba wanaweza kujiongoza.

Sasa nafika mahali ambapo wanachama wa chama chetu yafaa wasome polepole, kwa kuwa habari hii yatuhusu sisi tulio mjini kuliko walio nyumbani. Tarehe 8 Aprili 1945, katika mji wa Nairobi, wala si katika kijiji chochote cha Ukambani, lilizaliwa kanisa liitwalo African Brotherhood Church, ndiyo kusema Kanisa la Udugu la Waafrika. Aliyekuwa mbele katika kulianzisha ni Simeon Mulandi, na baadaye Nathan Ngala akaliongoza kwa miaka mingi. Wengi wa washirika wake wa kwanza walikuwa Wakamba waliokaa mjini kwa ajili ya kazi. Hawakuikana imani waliyofundishwa na misheni, bali walikataa kuwa watoto daima katika nyumba ya baba. Walitaka kuhubiri wenyewe, kusimamia fedha wenyewe na kufungua shule zao. Neno hilo udugu halikuwekwa kama pambo. Mtu aliyeishi katika mji ule wa miaka ya vita, akikaa chumba kimoja na watu sita, akiugua bila mama wala shangazi wa kumpikia uji, alijua udugu ni nini na ukikosekana ni nini. Vyama vya kusaidiana kama hiki chetu vilizaliwa na hali hiyo hiyo.

Kanisa hilo lilipotafuta makao halikujenga Nairobi, lilirudi nyumbani. Mitaboni, mwendo mfupi kutoka Kathiani, ikawa kitovu cha kazi yake, pakawa na shule, na chuo cha kuwafundisha wachungaji. Sijui mfano mwingine mzuri kuliko huo wa watu wa mjini kurudisha nyumbani kile walichokipata ugenini.

Lakini nyumbani palikuwa na machungu. Kanisa la zamani liliwaita wale waliotoka waasi, na wale waliotoka wakawaita waliobaki watumwa wa Wazungu. Familia ziligawanyika. Babu yangu, baba yake baba, na mdogo wake waliachana katika jambo hili, mmoja huku na mmoja kule. Sitataja nani alikuwa wapi, isije ripoti hii ikahesabiwa kuwa ya upande mmoja. Nyumba zao zilitazamana, kijito kimoja katikati. Walisalimiana mbele za watu kwa ajili ya heshima, lakini walipokuwa wawili tu walipishana njiani kama wasiojuana. Mama zetu walipoteka maji walijua kwamba wakifika kisimani habari za kanisa huachwa juu kilimani. Nadhani wanawake ndio walioizuia nyumba yetu isivunjike kabisa, ingawa katika daftari zote za makanisa nilizopata kuziona majina yao ni machache.

Kilichowarudisha watu pamoja kwanza ni udongo. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali aliyeshughulika na uhifadhi wa udongo, aliandika ripoti ya kutisha sana juu ya Machakos. Vilima vilikuwa vimebaki mifupa, mvua ikichukua udongo mpaka mtoni. Wengi waliamini kwamba nchi hii haitaponyeka. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 wakarudi askari wetu wengi wa King's African Rifles, ambao walikuwa wameona India na Burma jinsi watu wanavyolima milimani bila kuupoteza udongo. Serikali nayo ilisukuma kazi ya matuta, mwanzoni kwa amri, na watu wakaichukia kwa kuwa ilikuwa amri. Iliposhikwa kwa njia ya mwethya, ilikubalika.

Kwa ajili ya vijana waliozaliwa mjini nieleze kidogo. Mwethya ni desturi ya kale ya Wakamba ya kwenda pamoja kulima au kujenga kwa mtu mmoja, leo kwako, kesho kwangu, mwenye shamba akiwapa chakula wale waliokuja. Hapana mshahara. Haiulizwi mtu anasali wapi, bali anakaa wapi, kwa kuwa mwethya hufuata ujirani. Makanisa yalipoona hayo yalikuwa na njia mbili, ama kuunda vikundi vyao wenyewe, ama kuingia katika mwethya uliokuwapo. Yalijaribu zote mbili. Vile vya kanisa peke yake vilifaa kwa kazi za kanisa: kuchoma matofali, kubeba mchanga, kuezeka. Lakini tuta halijui mpaka wa kanisa. Ukikinga maji katika shamba lako na jirani wa juu asikinge, mvua moja kubwa yabomoa kazi yako yote. Kwa hiyo katika kutengeneza matuta watu wa makanisa yote na wasio na kanisa walilazimika kushika majembe katika mstari mmoja. Wanawake wakawa wengi zaidi katika mstari huo, waume wakiwa kazini mijini. Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu wakionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka mara tano na zaidi, na hata hivyo mmomonyoko ulipungua. Picha za zamani za vilima vyetu zikiwekwa karibu na zile za baadaye, mtu hudhani ni nchi mbili.

Kisha ikaja mwaka 1961. Mvua ilikuwa imekosekana, na ilipokuja mwisho wa mwaka ikaja kama gharika, barabara zikakatika, na chakula kikaangushwa kwa ndege katika sehemu nyingi za Kenya. Kwa hiyo Wakamba wakaiita njaa hiyo Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege. Baraza la Makanisa lilishiriki katika kugawa misaada. Kwetu mahindi yaliletwa kwa lori barabara ilipopitika, yakashushwa katika uwanja wa kanisa moja ambalo babu yangu alikuwa katibu wake. Wazee wa kanisa walimwagiza aandike majina ya watakaopewa, na ilieleweka, ingawa haikusemwa waziwazi, kwamba ataandika kutoka rejista ya washirika.

Daftari aliloandika nimelishika kwa mikono yangu. Ni la mistari, jalada lake limeliwa na mchwa, na mwandiko wake ni ule wa kulala uliofundishwa shule za misheni. Kila jina lina idadi ya watu wa nyumba na kiasi cha ratili za mahindi. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani limeandikwa ovyo, kwa kuwa halifuati herufi, wala ukoo, wala tarehe za ubatizo. Wako washirika wa makanisa mawili, Wakatoliki, watu wa Jeshi la Wokovu, na majina mengi ya Kikamba tupu yasiyo na jina la ubatizo. Nikalichukua nikamwendea shangazi yangu, aliyekuwa msichana mwaka ule. Alilitazama, akanyanyuka, akaniambia nimfuate. Tulianzia kijitoni tukapanda njia, naye akawa ananiambia hapa palikuwa nyumba ya fulani, na hapa ya fulani, nami nikitazama karatasi naona majina yafuatana vivyo hivyo. Babu alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Ukurasa wa kwanza huishia chini ya kilima. Wa pili huanza ng'ambo ya kijito, na jina la kwanza katika huo wa pili ni la mdogo wake: watu tisa, ratili kumi na nane.

Wazee walimwita wakamhoji. Shangazi asema alijibu tu kwamba aliandika alivyopita. Aliondolewa ukatibu, akakaa miaka miwili asipewe kazi yoyote kanisani. Mdogo wake alikuja siku ya kugawa, akapokea, akaondoka asiseme neno, na mtu atakaye kusikia kwamba walikumbatiana uwanjani hataisikia kwangu. Waliendelea kusali mbalimbali hata kufa kwao. Lakini msimu uliofuata, tuta la babu lilipobomoka, mwethya uliokuja kulitengeneza ulitoka pande zote mbili za kijito.

Mambo ya baada ya uhuru nitayapita upesi, kwani wengi wetu twayajua. Harambee ilifuata pale pale mwethya ulipokuwa umetangulia, na kwa hiyo haikuwa ngeni Machakos. Shule nyingi zilizotusomesha zilijengwa kwa mikono hiyo. Mwaka 1971 Africa Inland Mission ilikabidhi kazi na mali yake kwa Africa Inland Church, chini ya Askofu Wellington Mulwa, Mkamba. Hivyo jambo lililodaiwa na wale wa 1945 kwa kutoka nje, lilipatikana miaka 26 baadaye na wale waliobaki ndani. African Brotherhood Church kwa upande wake, baada ya kujisimamia, haikuona haya kushirikiana na wageni. Tangu miaka ya 1970 imefanya kazi pamoja na Wabaptisti wa Kanada, katika elimu ya wachungaji na katika maendeleo ya vijijini. Mtu aliyekwisha kuwa na nyumba yake hukaribisha wageni bila hofu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuja njaa ya aina nyingine, iliyoitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nafa hali nimeshika. Watu walikuwa na fedha mkononi, na dukani hapakuwa na cha kununua. Mwaka 1984 mahindi ya manjano kutoka Marekani yakaliwa na tajiri na maskini. Katika miaka ya 1990 na baada yake ugonjwa wa ukimwi uliacha nyumba nyingi mikononi mwa bibi wazee, nayo makanisa, mengine baada ya kusitasita na kunena maneno ambayo sasa wanayajutia, yakaanza kulipa karo na kupeleka unga. Tena kazi ya maji imeendelea: matangi ya kukinga mvua ya paa, na mabwawa ya mchanga katika mito inayokauka, ambamo maji hukaa ndani ya mchanga hata kiangazi. Mtu asiyejua hupita juu yake akidhani mto umekufa.

Jambo moja sitaliacha. Makanisa ya Ukambani hayakutumika nyumbani tu. Africa Inland Church ilianzisha bodi yake ya kupeleka wamisionari, na Wakamba wakawa miongoni mwa waliokwenda katika nchi kavu za kaskazini, kukaa na watu wa lugha nyingine. Walipelekwa kwa senti za sadaka za mashamba haya haya yanayokosa mvua. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto niliona kuku akiuzwa mnadani baada ya ibada kwa ajili ya kazi ya Turkana, na aliyemtoa alikuwa mjane ambaye paa la jiko lake lilikuwa likivuja. Nilikasirika siku ile. Hata sasa sina hakika kwamba nilikosea kukasirika. Yamkini kanisa lingemwezekea jiko kwanza. Lakini yule mama hakutaka kuhesabiwa kuwa mtu wa kupokea tu, na kama angekatazwa kutoa angeumia kuliko mvua ilivyomuumiza.

Sasa nirudi kwa hoja iliyo mbele yetu. Wanachama waliyoitoa si watu wabaya. Wamechoka kuona wachache wakichanga na wengi wakipokea, na hesabu zilizo katika ukurasa wa mbele zaonyesha kwamba malalamiko yao yana msingi. Haya nimeyasema pia mbele ya Kamati. Lakini yafaa ijulikane kazi itakayofuata hoja ikipita. Rejista ya chama chetu ina safu ya jina, ya kijiji, ya namba ya simu, ya warithi na ya michango. Safu ya kanisa haimo. Makarani walionitangulia hawakuiweka, nami nilipopokea kitabu sikuiongeza. Hoja ikipita, itanipasa kupiga mstari mpya katika kila ukurasa na kumwuliza kila mwanachama anasali wapi, pamoja na wale wasiosali popote, na wajane wa wanachama waliokwisha kufa.

Mkutano mkuu utafanyika siku iliyotajwa katika jalada la nyuma, saa nne asubuhi. Daftari la babu nitakuja nalo, atakaye kulitazama alitazame.